Niliyagawa Mafuta ya Hajati kwa Wapinzani

Injini ile niliiua mimi. Si Hajati. Hajati hakusahau kitu, na akili yake iko sawa kuliko yangu. Wote mliosimama ukingoni siku ile, na baadaye mkatikisa vichwa mkasema mama wa watu amezeeka, mlikosea, na aliyewakosesha ni mimi.

Jina langu naomba lisiandikwe. Nina gereji Koboko, na nimechekwa vya kutosha.

Mimi ni fundi wa pikipiki. Si fundi wa kubahatisha, jamani! Boda za Koboko mjini, za Ludara, za Dranya, nyingi zimepita mikononi mwangu. Lakini kilichonipa sifa si spana, ni pua. Petroli nyingi kwetu huuzwa kwenye chupa kando ya barabara, na wauzaji wengine hawamwogopi Mungu. Wanachanganya na mafuta ya taa, wanachanganya na vitu ambavyo hata havina jina. Mimi nikifungua tangi nikavuta pumzi mara moja, nakwambia umeuziwa nini. Basi wenye boda wakaniita Pua, nami nikalipenda jina. Mtu akisifiwa kiungo kimoja, vingine hulala, na kwangu kilicholala ni kichwa.

Sasa, nilikuwa na mchumba Arua. Anaitwa Zamu, anashona nguo, ana maneno machache na jicho la kukupima. Kwao ni chini ya Arua Hill, Waislamu wa siku nyingi, wajukuu wa askari, kama sisi wa Koboko. Baba yake alikuwa mtu wa boti. Alivusha watu na mizigo kwenye Nile mpaka alipofariki, akaacha boti moja, injini moja, mtoto wa kiume anayeitwa Taban, huyo Zamu wangu, na mjane wake ambaye watu wote humwita Hajati.

Tangu posa yangu ilipopokelewa, mimi na Hajati hatukuangaliana tena usoni. Ndiyo heshima ya kwetu. Mkwe na mama mkwe hawakai mkeka mmoja, hawali pamoja, hawaongei ana kwa ana. Ukimwona njiani, unapinda. Akiwa na neno, atampa Zamu, na Zamu ataniletea, hata kama mimi nimekaa hapo hapo nje ya pazia na nimelisikia lote. Lazima nijifanye kiziwi mpaka lifike.

Siku moja nilikuwa nimekaa uani, nikamsikia Hajati akisema nyuma ya pazia kwamba niambiwe nimekanyaga kamba ya mbuzi. Nilisikia vizuri kabisa. Lakini ujumbe haukuwa umefika! Nikabaki nimekanyaga, mbuzi ametoa macho, mpaka Zamu alipotoka jikoni akanifikishia habari.

Mtanicheka, lakini ndivyo nilivyojua kwamba nimekubalika. Nilikuwa naondoka pale nikitembea kwa maringo, kwa sababu mama yule ananikwepa.

Taban alirithi boti, na juu yake akarithi wazimu wa mashindano. Kule Rhino Camp watu wa mtoni huwa wanashindanisha boti za injini, wakizunguka mapipa yaliyofungwa yaelee majini. Taban akasema Arua nayo itapeleka timu. Arua! Mji ambao ukitaka kuona maji mengi unangoja mvua! Injini waliifunga kwenye pipa la maji uani kwa Hajati, wakaiwasha, majirani wakaleta viti kutazama, Taban kakaa nyuma yake kwenye kigoda anapinda kushoto na kulia kana kwamba yuko katikati ya mto. Hayo nilisimuliwa tu, mimi nilikuwa Koboko.

Kisha fundi wao akapata kazi Juba, akaondoka bila hata kuaga. Zamu akanitaja. Taban akanipigia simu akaniuliza kama najua injini za boti. Ningesema sijui, leo hii ningekuwa nimeoa. Nikamjibu kwamba injini ni injini.

Tulikwenda Rhino Camp juu ya lori, boti imefungwa kwa kamba, sisi tumekaa ndani yake. Hajati naye alikuja. Alikaa chini ya turubai pamoja na wanawake wengine, na kila nilipotaka kufika majini ilibidi nizunguke mbali nyuma ya wauza chapati ili nisikatize mbele yake. Mafuta alikuja nayo yeye mwenyewe, kwenye jerikani lake la kijani lenye mwezi mweupe uliochorwa kwa rangi. Jerikani lile watu wote wa mtoni wanalijua, lilikuwa la marehemu.

Alimtuma Zamu kwangu na neno. Nililisikia nikiwa nyuma ya chapati, nikalisikia tena kwa Zamu.

"Mama anasema mafuta iko tayari. Usiongeze kitu, usipunguze kitu."

Nikasema sawa. Nilielewa kwamba mafuta yanatosha.

Kazi yangu ilikuwa kusimama majini nikiishikilia boti, kusafisha plagi, kutoa magugu kwenye propela, na kuongeza mafuta kati ya mbio na mbio. Nilikuwa nimevaa gambuti za mpira ili nionekane mtu wa kazi. Gambuti zikajaa maji mara tu nilipoingia, na mimi sijui kuogelea, kwa hiyo sehemu kubwa ya mbio za kwanza nilikuwa naomba dua badala ya kutazama. Nilipofumbua macho, Taban alikuwa wa kwanza! Watu wa mtoni walishangaa, timu ya mlimani imewaacha nyuma. Zamu alipiga vigelegele. Na mimi nilipiga kelele, ila nilikuwa nimeona jambo. Injini yetu ilikuwa inatoa moshi wa bluu.

Kwa pikipiki zangu, moshi wa bluu ni ugonjwa. Nikasema moyoni, haya, Pua, kazi yako hiyo.

Taban alikwenda kuswali adhuhuri kabla ya mbio za mwisho. Vijana waliokuwa wakisukuma boti walikwenda kula, Zamu naye alikwenda kutafuta chakula cha mama yake. Nikabaki peke yangu na jerikani la kijani. Nikafungua, nikainama, nikavuta pumzi.

Oili! Ndani ya petroli, oili! Nikachovya kidole, kikateleza. Damu ikanipanda. Nikaona wazi kabisa kilichotokea: mwuzaji fulani asiye na haya amemwona mjane, mtu mzima, akamchanganyia uchafu. Na yeye maskini amekuja nao mpaka huku, anasema usiongeze, usipunguze.

Ningeweza kuuliza. Hajati alikuwa hapo, umbali wa kumwita tu. Lakini mkwe atamwitaje mama mkwe mbele ya watu, amwambie mama, umeibiwa? Ningeweza kumngoja Zamu arudi. Sikumngoja. Nilijiambia kwamba heshima ni kumsitiri, nibadilishe mafuta kimya kimya, na tukishashinda ndipo nimwambie Zamu, Zamu amwambie mama, na mama ajue amepata mkwe wa namna gani.

Nilikuwa naangalia pa kuyamwaga alipokuja Ofoy, fundi wa timu ya Panyimur, wapinzani wetu wakubwa. Jerikani lao lilikuwa limetoboka, mafuta yao mengi yamekwenda mchangani. Alitazama jerikani langu, akanitazama mimi.

"Fundi, hiyo mafuta iko naenda wapi?"

Nikamwambia namwaga, imeharibika, mtu ametia oili ndani. Uso wa Ofoy haukubadilika hata kidogo, Mungu anamwona. Kisha akasema kwa sauti ya huruma:

"Hapana mwaga, ndugu yangu. Itachafua mto. Nipe mimi, nitawashia moto ya samaki."

Nikampa, na jerikani lake! Akanishukuru, akaniombea baraka, akaondoka mbio. Nilimsifu moyoni, nikasema huyu ni mtu anayejali mto. Sikujiuliza ni nani huyo anayekimbilia kuchoma samaki wakati mbio za mwisho zinakaribia.

Nikapanda boda mpaka kwenye pampu, na jerikani la kuazima. Nilimsimamia mwuzaji, nikanusa kabla hajamimina na baada ya kumimina. Petroli safi, kavu, nyeupe! Nikarudi, nikamwaga masalio yaliyokuwa kwenye tangi la boti, nikalifuta kwa kitambaa mpaka ndani, nikajaza. Taban aliporudi kutoka kwenye swala alikuta kila kitu tayari, akanipiga bega, akaniita shemeji wa dhahabu.

Mbio za mwisho tuliongoza tangu mwanzo. Na moshi wa bluu haukuwapo tena. Nilisimama ndani ya maji, gambuti zimejaa, najipongeza.

Kwenye pipa la mwisho injini ikabadilika sauti. Ikalia mlio mmoja wa chuma, ule mlio ambao fundi yeyote anaujua, kisha ikanyamaza. Boti ikaenda yenyewe polepole mpaka kwenye magugu, Taban kasimama anavuta kamba ya kuwashia, anavuta, anavuta. Boti ya Panyimur ikampita. Ilikuwa inatoa moshi wa bluu mzuri sana. Ofoy alikuwa ukingoni karibu yangu, akaweka mkono kifuani akaniinamia kwa heshima.

Taban aliniuliza jerikani liko wapi. Nikasema maji yamelichukua. Huo ulikuwa uongo mdogo, nao ulitangulia kutafuta nafasi ya mkubwa.

Kesho yake, uani kwa Hajati, waliita fundi mmoja wa boti, mimi nikamshikia spana. Akafungua. Pistoni ilikuwa imekwaruzika na kunata, haiendi mbele wala nyuma. Yule fundi akasema injini ya namna hii haina mahali pake pa oili, oili yake huchanganywa ndani ya petroli, na hii imeendeshwa kavu. Wazee wa gereji Koboko waliniambia baadaye, kati ya kicheko na kicheko, kwamba hata pikipiki za zamani zilikuwa hivyo. Mimi nimekulia kwenye hizi za sasa.

Ndugu zangu, ule niliouita uchafu ndio uliokuwa dawa!

Taban aligeuka akatazama pazia. Kumbe mchanganyiko ule ulikuwa wa Hajati mwenyewe. Alikuwa akimchanganyia marehemu mume wake miaka yote ya boti, kwa kopo lake moja, na hakuna injini iliyowahi kufa mkononi mwake. Taban hakusema kwa ukali. Alisema kwa huzuni tu.

"Mama alisahau oili."

Hajati alikuwa hapo nyuma ya pazia, tunaona vidole vya miguu yake. Nilikuwa na nafasi yote ya kusema. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni hiki:

"Wazee husahau, shemeji."

Nikamsikia Hajati akimwambia Zamu, sauti ya chini, kwamba labda. Labda alisahau.

Naona aibu hata kuandika.

Tangu siku ile walimfanya mtoto. Taban alimkataza kugusa mafuta. Chumvi ikizidi kidogo kwenye mchuzi, wanatazamana. Sigiri ya mkaa haachiwi peke yake. Majirani waliokuja kumpa pole walimsalimia kwa kupiga kelele, wakitaja majina yao moja moja, wakati mama yule anasikia mbuzi akikabwa nje ya nyumba. Naye aliwajibu wote taratibu, hakumkosoa hata mmoja.

Mimi nilikwenda Arua kila Ijumaa. Nilipeleka sukari, nilipeleka sabuni, nilipeleka mchele, mpaka Zamu akaniuliza kama nafungua duka. Njia nzima kutoka Koboko nilikuwa nayapanga maneno ya kusema. Nikifika, nikikaa, nayameza. Hajati anamtuma Zamu anishukuru, nami namtuma Zamu amwambie si kitu. Siku za harusi zilikuwa zinapangwa, na nikajiambia nitasema baada ya harusi, tutakuwa familia, tutacheka.

Ijumaa moja Zamu aliniandalia enyasa, ugali wetu wa muhogo, na samaki. Angara wa kukaushwa kwa moshi, waliopikwa na odi, ufuta uliosagwa. Nilikula, nikajilamba. Nikamsifu, nikamwuliza samaki watamu namna hii wametoka wapi.

"Mutu moja ya Panyimur alileta," akasema. "Alikuja kurudisha jerikani ya mama. Alisema kwao chombo ya mutu hairudi mikono mitupu."

Tonge likabaki mkononi. Nikamwuliza huyo mtu alikuja lini.

"Wiki ile ile ya mashindano. Hii ni mara ya pili analeta. Anasema mafuta ya mama ilimpa ushindi, na mkwe yake iko na roho nzuri."

Wiki ile ile! Kumbe Ijumaa zote zile za sukari na sabuni walikuwa wanajua. Zamu aliniambia alitaka kuniambia usoni siku ya kwanza, mama yake akamkataza. Akamkataza pia kumwambia Taban. Alisema huyu kijana atasema mwenyewe, apewe nafasi. Akakubali kuitwa msahaulifu, akakubali kupigiwa kelele na majirani, ananingoja mimi.

Nikamwambia Zamu, mwambie mama. Zamu akavuka mikono.

"Sema wewe."

Basi nikaligeukia pazia, nikalisema lote. Pua, kidole, Ofoy, pampu, kitambaa, uongo wa jerikani, na lile neno langu kuhusu wazee. Nilisema huku nalia, mkono mmoja una enyasa. Nilipomaliza, pazia likafunguliwa.

Hajati akatoka. Akavuta kigoda, akakaa mbele yangu, akanitazama usoni. Nilitaka kuinamisha macho, nikashindwa. Ana macho mazuri, ya mtu mpole. Hakuwa na hasira hata chembe.

"Fundi," akasema. "Asante umesema. Injini iko kwa stoo. Kuja Jumatatu utengeneze. Hapa fundi yoyote tunalipa, na wewe tutakulipa."

Nikamshukuru sana. Nilitoka pale moyo mweupe! Amenisamehe! Amenipa kazi! Amenisemesha kwa adabu kabisa! Niliendesha pikipiki nikiimba. Nilikuwa nimeiacha Arua nyuma nusu ya safari ndipo wimbo ukanikatikia mdomoni. Nikasimama kando ya barabara, nikazima pikipiki.

Mkwe halipwi. Mkwe haangaliwi usoni.

Jumatatu nilikwenda, maana nilikuwa na deni la kazi ile hata kama si la kitu kingine. Taban hakunipa mkono. Zamu hakutoka chumbani, ila mashine yake ya kushonea niliisikia ikienda siku nzima. Aliyekaa na mimi ni Hajati. Injini ilipowaka, alichukua kopo lake akanionyesha oili inavyopimwa, akanirudishia mara ya pili ili nishike vizuri. Aliniuliza habari za mama yangu, za gereji, za mvua ya Koboko. Alinisimulia marehemu alivyokuwa akiogopa mamba, na tukacheka wote wawili.

Hakuniomba niandike haya. Naandika kwa sababu mpaka leo wapo majirani wanaomsalimia kwa kupiga kelele. Acheni! Mama anasikia!

Na wewe unayesoma, kama umeharibu kitu cha watu, sema siku ile ile, kabla jerikani halijarudi lenyewe. Usijifiche nyuma ya heshima kama nilivyofanya mimi. Kila nikipita Arua, Hajati akiniona huvuka barabara kunijia, ananipa mkono, ananitazama machoni, anauliza nimeshindaje. Ni mama mzuri sana kuongea naye. Natamani asingenisemesha maisha yangu yote.